Mwili mtupu katika uchoraji wa Japani ya Meiji na baadaye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapozungumza na watu kuhusu wachoraji wa Kijapani waliokwenda Ulaya kujifunza rangi za mafuta, maswali hurudi yaleyale, na mengi yanahusu picha za watu wasio na nguo. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu. Mengine yamepata majibu marefu, mengine mistari michache, kwa sababu uzito wake si sawa.

Japani ilikuwa na picha za ngono kwa mamia ya miaka. Iweje watu washtuke kuona mwanamke asiye na nguo?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake linapindua dhana ya wengi. Tunadhani Wajapani walikuwa watu wa haya tupu, kisha Wazungu wakaja na ujasiri wao. Sivyo ilivyokuwa.

Katika kipindi cha Edo, yaani 1603 hadi 1868, mwili usio na nguo ulikuwa na sehemu mbili za kuonekana. Ya kwanza ni maisha ya kila siku. Wapagazi, wavuvi na mafundi walifanya kazi wakiwa wamepiga ubinda tu, ule wanaouita fundoshi. Kwenye mabafu ya umma wanaume na wanawake mara nyingi walioga pamoja, na adabu ilikuwa kutokodoa macho. Mchoraji Torii Kiyonaga alichapa picha ya wanawake wakiwa bafuni katika miaka ya 1780, na hakuna anayeona haya ndani yake, kwa sababu kuoga ni kuoga. Karne moja baadaye nakala yake ilikuwa mikononi mwa mchoraji Edgar Degas kule Paris, naye alikuwa akichora wanawake wakioga.

Sehemu ya pili ni shunga, picha za ngono zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa wakati huo, ilizipiga marufuku mwaka 1722, lakini ziliendelea kuuzwa chini kwa chini. Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa kwenye shunga kwa kawaida wamevaa. Kimono zimefunguka, maua ya kitambaa yamechorwa kwa uangalifu mkubwa, sehemu za siri zimekuzwa kupita kiasi, ila mgongo, tumbo na bega havikumshughulisha sana mchoraji. Ashiki yote ilibebwa na nguo.

Sasa chukua turubai lenye urefu unaokaribia wa mtu. Mwanamke amesimama, haogi, hayuko na mpenzi, na hakuna hadithi ya kumweleza. Ametundikwa ukutani mchana kweupe, na mbele yake wamesimama baba, binti yake na askari polisi. Kwa picha ya namna hiyo watu hawakuwa na desturi yoyote ya kuitazama. Si kama bafuni, ambako unageuza macho, maana hapa umelipa kiingilio ili utazame. Wala si shunga, ambayo unaifungia sandukuni. Watu walikosa pa kuweka macho.

Serikali ya Meiji yenyewe ilikuwa na msimamo gani kuhusu uchi?

Serikali hiyo, iliyoshika nchi baada ya Edo kuanzia 1868, iliupiga vita, tena mapema. Mwaka 1872 jiji la Tokyo lilitoa kanuni za makosa madogo zilizokataza, pamoja na mengine, kutembea uchi mitaani, kuchanjwa tatuu na mabafu ya mchanganyiko. Sababu kubwa ilikuwa macho ya wageni. Kikosi cha wanamaji wa Marekani chini ya Perry kilipofika Shimoda mwaka 1854, mchoraji wake Wilhelm Heine alichora bafu la umma, na picha hiyo ikatokea katika taarifa ya safari iliyochapishwa Marekani mwaka 1856. Wasomaji wa huko walishangaa na kulaani. Kisha ikaja mikataba ya 1858, ambayo chini yake mgeni aliyekosa Japani alihukumiwa na balozi wa nchi yake. Ili mikataba ile ivunjwe, Japani ilitaka ionekane nchi iliyostaarabika machoni pa Ulaya, na mpagazi aliyeacha mapaja wazi akawa aibu ya taifa.

Hapa ndipo ninapoona uchungu wa kisa hiki. Miaka ileile ambayo polisi wa Tokyo walikuwa wakimtoza faini mtu aliyetoka nje bila nguo, vijana wa Kijapani walikuwa Paris wakifundishwa kwamba hakuna mchoraji asiyejua kuchora mwili mtupu. Aibu mpya na picha mpya zilishuka kutoka meli moja. Mvutano uliofuata haukuwa kati ya Japani ya kale na Ulaya; ulikuwa kati ya mizigo miwili iliyotoka Ulaya.

Waliliitaje jambo lenyewe?

Neno la nyumbani ni hadaka. Mtoto aliyetoka kuoga akikimbia huku na huku ni hadaka. Wachoraji hawakulitaka. Wakachukua ratai, neno lenye matamshi ya asili ya Kichina, lenye harufu ya vitabu, na picha ikaitwa ratai-ga. Hata neno bijutsu, linalomaanisha sanaa, liliundwa wakati wa maandalizi ya Maonyesho ya Dunia ya Vienna ya 1873. Yaani watu walikuwa wakibishana kama mwili mtupu ni sanaa wakati neno sanaa lenyewe lilikuwa bado bichi.

Sisi tunaelewa upesi. Uchi na utupu si neno moja mdomoni, na kila mtu anajua lipi la kutumia mbele ya wakwe. Ndiyo maana humu ndani nasema mwili mtupu.

Ni nani aliyetangulia kuchora picha hizi kwa rangi za mafuta?

Miongoni mwa za mwanzo kabisa ni ya Yamamoto Hōsui, aliyefika Paris mwaka 1878 na kusoma kwa mchoraji Jean-Léon Gérôme. Karibu na mwaka 1880 alichora mwanamke wa Kizungu aliyejilaza, na picha hiyo sasa iko Gifu. Nyingi ya kazi zake za Paris zilipakiwa kwenye manowari Unebi, iliyotoweka baharini mwaka 1886 ikiwa safarini kuelekea Japani.

Nyumbani, serikali ilifungua shule ya sanaa chini ya Wizara ya Kazi mwaka 1876 na kumleta Antonio Fontanesi kutoka Italia, lakini shule ikafungwa mwaka 1883. Ilipofunguliwa Shule ya Sanaa ya Tokyo mwaka 1889, uchoraji wa Kizungu haukuwamo kabisa. Mwaka huohuo ulizuka ubishi magazetini kwa sababu ya mchoro wa msichana asiye na nguo uliochapwa pamoja na hadithi fupi katika jarida. Mchoro mdogo tu wa kwenye kurasa, lakini ulitosha.

Kuroda Seiki alikuwa nani, na kwa nini jina lake linatajwa kila mara?

Alizaliwa Kagoshima mwaka 1866 katika ukoo wa samurai wa Satsuma, eneo lililotoa vigogo wengi wa serikali mpya, na akalelewa na baba yake mkubwa kama mwana. Mwaka 1884 alipelekwa Ufaransa kusoma sheria. Wajapani waliokuwa Paris, Yamamoto Hōsui akiwemo, walimshawishi aingie kwenye uchoraji, akawa mwanafunzi wa mchoraji Raphaël Collin, akaiacha sheria.

Nasaba hii si ya kupita haraka. Kijana asiye na jina asingethubutu kutundika alichotundika Kuroda, na kama angethubutu asingerudia. Aliporejea mwaka 1893 alikuwa na mambo mawili ambayo wachache walikuwa nayo pamoja, mkono uliofunzwa sawasawa na milango iliyofunguka alipobisha. Mwaka 1896 aliwekwa kuongoza idara mpya ya uchoraji wa Kizungu katika Shule ya Sanaa ya Tokyo, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha Hakubakai, yaani Jumuiya ya Farasi Mweupe. Jina lilitokana na pombe ya mchele isiyochujwa waliyoipenda, ambayo mitaani iliitwa farasi mweupe.

Idarani aliweka utaratibu wa Paris: kwanza mkaa na sanamu za plasta, kisha mtu halisi aliyesimama bila nguo mbele ya darasa.

Ni kitu gani hasa kilitokea Kyoto mwaka 1895?

Kuroda alikuwa amechora picha inayoitwa kwa Kijapani Chōshō, maana yake kujipamba asubuhi. Mwanamke wa Kifaransa amesimama mbele ya kioo kirefu akishughulikia nywele zake. Sisi tunamwona mgongo, na mbele yake tunaiona kwenye kioo. Ilipokelewa katika maonyesho ya Paris mwaka 1893, na ilipoonyeshwa Tokyo mwaka 1894 haikuleta kelele kubwa.

Kyoto palikuwa pengine. Yale yalikuwa Maonyesho ya Nne ya Taifa ya Viwanda, yaliyofanyika pamoja na sherehe za miaka 1,100 ya mji huo, wakati vita na China vikiwa ndiyo kwanza vinamalizika. Zaidi ya watu milioni moja walipita. Hawakuja kwa ajili ya sanaa. Walikuja kuona mashine, hariri na vyombo vya udongo, na katika pitapita zao wakakutana na yule mwanamke. Magazeti yakachachamaa. Hoja yao kubwa ilikuwa fūzoku, yaani maadili ya umma: kama polisi wanamkamata mtu akiwa uchi barabarani, mbona serikali inaonyesha uchi katika jengo lake?

Kuroda mwenyewe alikuwa katika jopo la waamuzi, na alikuwa tayari kujiuzulu kama picha ingeondolewa. Kuki Ryūichi, aliyeongoza uamuzi, alisimama upande wa picha. Haikuondoka ukutani.

Georges Bigot, mchoraji wa katuni wa Kifaransa aliyekuwa akiishi Japani tangu 1882, alichora tukio hilo, na katuni yake inasema zaidi ya makala nyingi. Picha ya Kuroda iko ukutani. Watu wa kila aina wamebanana mbele yake, midomo wazi. Na mmoja wa wanawake, ambaye anaona haya kwa kilichoko ukutani, amepandisha vazi lake kwa urahisi wa kutembea mpaka miguu yake yote iko nje. Miguu yake haimtahayarishi hata kidogo. Mimi nikitaka kumweleza mtu mgongano wote huu kwa dakika moja, namwonyesha katuni hiyo.

Picha hiyo iko wapi leo?

Haipo. Ilinunuliwa na familia ya Sumitomo na ikateketea katika mashambulizi ya anga ya vita vya pili vya dunia. Tunaijua kwa picha za kamera tu.

Kwa nini wataalamu wanaithamini sana ile kazi ya wanawake watatu kwenye dhahabu?

Inaitwa Chi, Kan, Jō, maneno yanayokaribia kumaanisha akili, hisi na moyo. Ni turubai tatu, kila moja lina urefu wa sentimita 180 hivi, na kila moja lina mwanamke mmoja amesimama juu ya usuli wa dhahabu. Wa katikati anakutazama usoni, mikono ameinua. Mwingine ameweka mkono kwenye paji la uso kama anayewaza. Wa tatu ameshika nywele zake. Ukisogea karibu unaona miili imezungushiwa mstari mwembamba mwekundu, jambo ambalo mwalimu wa Paris angelifuta.

Kuroda aliionyesha mwaka 1897, na wanawake wale walikuwa Wajapani. Hilo ndilo jipya. Mpaka hapo mtazamaji angeweza kujiambia kwamba uchi ule ni wa Wazungu na desturi zao. Sasa alisimama mbele ya uso unaofanana na wa dada yake. Lakini ukitazama vizuri, nyuso ni za Kijapani na vimo ni vya sanamu za Ulaya: miguu mirefu, kichwa kidogo. Kuroda alitaka mwili wa Kijapani uingie kwenye sanaa ya dunia, na akaona hauingii mpaka aurefushe. Naipenda kazi hii, na bado kila nikiitazama naumia kidogo kwa urefu ule wa miguu.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1900 ilipata nishani ya fedha.

Tukio la koshimaki ni lipi?

Koshimaki ni kitambaa ambacho wanawake wa Kijapani walijifunga kiunoni chini ya kimono. Mtu yeyote anayejua kanga ya kiunoni hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1901 Kuroda alikuwa ametoka Ufaransa safari ya pili na akaleta picha ya mwanamke wa Kizungu aliyeketi bila nguo. Ikatundikwa katika maonyesho ya sita ya Hakubakai, Tokyo. Polisi walikuja. Hawakuamuru ishushwe, waliamuru nusu ya chini ifunikwe. Basi kitambaa kikazungushwa kwenye turubai kuanzia kiunoni kwenda chini, na watazamaji wakaendelea kuingia. Kazi ya Collin, mwalimu wake, nayo ilifunikwa katika maonyesho yaleyale. Watu wakaibatiza picha ile kuwa imevalishwa koshimaki, na jina likashika.

Fikiria umesimama pale. Juu kuna ngozi iliyochorwa kwa miezi, chini kuna kitambaa halisi kinachoning'inia, na kila jicho ukumbini linakwenda palipofunikwa. Kabla ya hapo mtu angeweza kutazama bega, au mwanga unavyoteleza ubavuni. Sitara ile ilimvua mwanamke nguo kuliko Kuroda alivyomvua.

Miaka iliyofuata suluhisho likawa chumba cha pembeni ambacho si kila mtu aliruhusiwa kuingia.

Wanawake waliokuwa wakichorwa walikuwa akina nani?

Majina yao hayamo kwenye majina ya picha, na hilo linaniuma. Kazi ya kusimama mbele ya wachoraji ilidharauliwa, na kumpata mwanamke wa kuifanya ilikuwa shida kubwa mwanzoni. Bila wao idara nzima ya Kuroda isingekuwa na cha kufundisha.

Je, wanaume hawakuchorwa?

Walichorwa sana darasani, na kazi moja inapita zote. Mwaka 1904 Aoki Shigeru, akiwa na miaka 22 na ndiyo kwanza amemaliza masomo, alikwenda kijiji cha wavuvi cha Mera, mkoa wa Chiba. Akarudi na picha ya wavuvi wanaotembea ufukweni wakiwa uchi, mistari miwili, wamebeba papa wakubwa kwa miti mabegani. Inaitwa Umi no sachi, neema ya bahari. Pembeni haijamalizwa, mistari ya rasimu inaonekana. Na katikati ya miili yote ile, uso mmoja mweupe umekugeukia wewe.

Hawa hawakurefushwa kama wale watatu wa Kuroda. Wamekunjwa na uzito wa samaki. Aoki alifariki mwaka 1911, akiwa na miaka 28.

Wanafunzi wa Kuroda waliendeleza njia yake?

Baadhi yao, na mwingine alimjibu usoni. Mwaka 1912 Yorozu Tetsugorō alitoa kazi yake ya kumalizia shule, Ratai bijin, mrembo asiye na nguo. Mwanamke amelala kwenye majani ya kijani kikali, kwapa lina nywele, matundu ya pua yanaonekana, na anakutazama kutoka juu kama wewe ndiye uliyelala. Kiunoni amejifunga koshimaki. Nyekundu. Miaka kumi na moja baada ya polisi kumvalisha kitambaa mwanamke wa Kuroda, mwanafunzi wa Kuroda alikichora kitambaa chenyewe, kikubwa, kinachowaka, na kukifanya kitovu cha picha. Siwezi kusema aliwaza hivyo, ila macho yangu hayawezi kuzitenganisha picha hizi mbili. Yorozu alipewa nafasi ya 16 kati ya wahitimu 19. Leo kazi hiyo imetangazwa kuwa urithi muhimu wa taifa.

Hashiguchi Goyō, mhitimu mwingine wa idara ile, alirudi kwenye vibao vya mbao, na mwaka 1915 akachapa mwanamke akioga. Mwili umejengwa kama alivyofundishwa darasani, karatasi na mistari ni ya Kiyonaga.

Wa Osaka, Koide Narashige, ndiye aliyeacha kabisa kurefusha. Wanawake wake wa miaka ya 1920 wana miguu mifupi, nyonga nzito, ngozi yenye rangi ya joto. Aliwachora mpaka alipofariki mwaka 1931, na kwangu yeye ndiye aliyemaliza kazi iliyoanzwa mwaka 1897.

Foujita naye yumo humu?

Yumo, ingawa alifanikiwa mbali na nyumbani. Foujita Tsuguharu alihitimu Shule ya Sanaa ya Tokyo mwaka 1910, ambako Kuroda hakuvutiwa na kazi zake, akaenda Paris mwaka 1913. Mwaka 1922 alimchora Kiki wa Montparnasse, mwanamke aliyekuwa akisimama mbele ya wachoraji wa Paris, amelala mbele ya pazia la kitambaa chenye maua, ngozi nyeupe kama maziwa, imezungushiwa mstari wa wino mwembamba kama unywele. Weupe ule aliuficha kama siri ya mganga. Miongo mingi baadaye, waliokarabati picha zake walikuta ulanga, ule unga laini wa kupaka watoto. Kuroda alitaka Mjapani achore kama Mfaransa; Foujita aliwashinda Wafaransa kwa brashi na wino wa Kijapani.

Na wachoraji wanawake?

Shule ya Sanaa ya Tokyo haikuwapokea wanawake mpaka 1946, kwa hiyo darasa la mwili mtupu la shule kuu ya nchi lilifungwa kwao. Shule ya sanaa ya wanawake ilianzishwa mwaka 1900. Kazi ninayowashauri watu waitafute ni ya Ogura Yuki ya 1938, wanawake wawili ndani ya maji ya bafu, iliyochorwa kwa rangi za asili za Kijapani. Maji yamechorwa vigae vikiwa vinayumba ndani yake, nao wanawake wametulia. Hakuna anayechungulia.

Nikifika Tokyo niende wapi?

Anza na Jumba la Kumbukumbu la Kuroda, eneo la Ueno, lililojengwa mwaka 1928 kwa mali aliyoiacha kwa wosia. Kiingilio ni bure, lakini Chi, Kan, Jō iko katika chumba maalumu kinachofunguliwa mara tatu tu kwa mwaka, takribani wiki mbili kila mara, hivyo panga safari mapema. Picha ya Yorozu ni ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kisasa. Ile ya Aoki ni ya makumbusho ya Artizon. Ile iliyovalishwa koshimaki ni mali ya makumbusho ya Seikadō Bunko.

Ubishi huu umekwisha?

Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya 1907, kinachohusu vitu vya aibu, bado kinatumika. Na kitu kimoja kimegeuka juu chini. Picha za mafuta za mwili mtupu sasa zinatazamwa na watoto wa shule wakiwa kwenye foleni na walimu wao. Shunga ndiyo iliyokosa ukuta: baada ya maonyesho makubwa ya London mwaka 2013, waandaaji walihangaika kupata makumbusho ya Tokyo yatakayoipokea, wakakataliwa moja baada ya jingine, mpaka Eisei Bunko, makumbusho madogo ya binafsi, yalipokubali mwaka 2015. Waliingia watu zaidi ya 200,000.